Kunyongwa kwa Kubomoa Nyumba: Kesi za Ghasia Uingereza Katika Karne ya 18 (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Ukurasa huu unahusu mtu aliyekamatwa Uingereza katika miaka ya 1700 kwa kubomoa au kuchoma nyumba wakati wa ghasia. Alishtakiwa na nani, kwa sheria ipi, na akaishia wapi? Mifano mingi ni ya London, kwa sababu kesi zake ziliandikwa na kuchapishwa neno kwa neno, au karibu na hapo.

Kuharibu mali katika ghasia kulihesabiwa kosa la aina gani?

Ilitegemea mlango aliouchagua mshtaki, na milango ilikuwa mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa sheria ya kale ya mazoea. Watu watatu au zaidi wakikusanyika na kufanya fujo kwa nguvu, hiyo ni ghasia, na ghasia peke yake lilikuwa kosa dogo: faini, kifungo, pengine kusimamishwa hadharani kwenye mkatale. Kundi lililovunja vioo vya madirisha likatawanyika mara nyingi liliishia hapo, kama lilifikishwa mahakamani kabisa.

Mlango wa pili ni uhaini. Usiku wa tarehe 1 Machi 1710, umati uliokuwa ukimshangilia kasisi Henry Sacheverell ulizibomoa nyumba za ibada za Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la Uingereza, ukatoa mbao na viti nje na kuvichoma. Daniel Dammaree, mpiga makasia katika mashua ya Malkia Anne, alishtakiwa kwa uhaini. Hoja ya serikali ilikuwa hivi: ukibomoa nyumba moja kwa sababu una ugomvi na mwenyewe, hiyo ni ghasia, lakini ukiazimia kubomoa nyumba zote za aina hiyo, umejitwalia kazi ya kubadili sheria ya nchi kwa mikono yako, na hiyo ni vita dhidi ya mfalme. Dammaree alihukumiwa kufa. Malkia alimsamehe.

Mlango wa tatu ulifunguliwa miaka michache baadaye, na ndio uliopitiwa na wengi wa watu walionyongwa: Sheria ya Ghasia ya 1714, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1715.

Sheria ya Ghasia ilisema nini hasa?

Sehemu inayokumbukwa ni ile ya kutawanya watu. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, hakimu anasogea karibu nao kadiri awezavyo kwa usalama, anatamka kwa sauti kuu tangazo fupi kwamba Mfalme anawaamuru watawanyike mara moja, waende majumbani mwao au kwenye shughuli zao halali, na anamaliza kwa "Mungu amlinde Mfalme". Ikipita saa moja na watu 12 au zaidi bado wapo, wote wana kosa kubwa la jinai, adhabu yake kifo.

Lakini kwa habari ya mali, kiini kiko kwenye kifungu kingine. Watu waliokusanyika kwa fujo wakibomoa, au wakianza kubomoa, kanisa, nyumba ya ibada iliyosajiliwa, nyumba ya kuishi, ghala la nafaka, zizi au banda la uani, adhabu ni kifo. Sheria ilitamka wazi kwamba mkosaji hatapata "kinga ya makasisi", ule mwanya wa kale uliomwezesha mtu aliyetiwa hatiani kwa mara ya kwanza kukiponyoka kitanzi. Iliweka pia muda: mashtaka yafunguliwe ndani ya miezi 12.

Na haikukaa kitabuni. Tayari mwaka 1716 vijana watano walinyongwa mwishoni mwa uchochoro wa Salisbury Court, London, kwa kushiriki kuibomoa nyumba ya pombe walimokusanyika wafuasi wa Mfalme George I.

Je, ilikuwa lazima tangazo lisomwe kwanza ndipo mtu ashtakiwe?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote. Kifungu cha kubomoa kilisimama peke yake. Ukionekana unang'oa fremu ya dirisha katikati ya kundi la wavunjaji, hakuna aliyehitaji kukusomea chochote wala kusubiri saa ipite.

Mkanganyiko huu uliwagharimu hata wakubwa. Mwaka 1780, katika Ghasia za Gordon za London nitakazozieleza chini, makamanda wa jeshi walisita kufyatua risasi bila hakimu kusoma tangazo, na mahakimu wengine walikuwa wamejificha. Tarehe 7 Juni, mbele ya Mfalme George III na baraza lake, Mwanasheria Mkuu Alexander Wedderburn alitoa maoni kwamba askari wanaweza kuchukua hatua bila tangazo pale watu wanapotenda uhalifu mkubwa kama kuchoma nyumba. Meya wa London, Brackley Kennett, aliyeshindwa kulisoma tangazo, alishtakiwa mwaka uliofuata kwa kuutelekeza wajibu wake na akatiwa hatiani.

"Kuanza kubomoa" kulipimwaje?

Kwa mbao, kwa fremu, kwa reli za ngazi. Mashahidi waliulizwa: madirisha yalivunjwa vioo tu au yaling'olewa na fremu zake? Sakafu je? Milango ilitolewa kwenye bawaba? Tofauti ya kioo na fremu ilikuwa tofauti ya faini na kitanzi.

Matokeo yake mashtaka mengine yalikuwa na sura ya ajabu. Gereza la Newgate, London, lilichomwa katika ghasia hizo tarehe 6 Juni 1780, na wafungwa wakaachiwa. Ungetarajia watu washtakiwe kwa kuchoma gereza. Hati za mashtaka hazisemi hivyo. Zinasema mshtakiwa, pamoja na watu wengine zaidi ya 500, alianza kubomoa "nyumba ya kuishi ya Richard Akerman". Akerman alikuwa mkuu wa gereza, na makazi yake yalikuwa sehemu ya jengo hilo. Sheria ilitaja nyumba ya kuishi, haikutaja gereza, basi mashtaka yakabebwa na sebule ya Akerman.

Nani alishtaki? Polisi?

Hakukuwa na polisi kama tunavyowajua, wala ofisi ya mwendesha mashtaka wa umma. Aliyebomolewa ndiye aliyeshtaki. Yeye ndiye aliyekwenda kwa hakimu, akatafuta mashahidi, akalipia hati na karani, kisha akaja kusimama mahakamani akiwa ameshapoteza samani zake zote. Baraza kuu la raia lilitazama hati kwanza. Likiridhika, kesi iliendelea mbele ya juri ya watu 12. Sheria ya 1752 iliruhusu mahakama kumrudishia gharama mshtaki aliyeshinda kesi ya kosa kubwa, nafuu kiasi kwa mnyonge, lakini alipaswa kushinda kwanza.

Ghasia zilipoitisha serikali yenyewe, hazina ya taifa iliingia na kugharamia. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1780.

Katika kundi la mamia, washtakiwa walitambuliwaje?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu wote.

Walitambuliwa na jirani. Hakuna picha, hakuna alama za vidole, na usiku unaangazwa na moto wa samani zinazoungua barabarani. Anayeweza kusema "nilimwona, ni yeye" ni mtu aliyekuwa akimjua tangu zamani: mwenye duka alikonunua mkate, mhudumu wa baa, mwanamke wa dirisha la ng'ambo. Mgeni aliyetoka kata nyingine, akavunja na kuchoma, akarudi kwao kabla ya alfajiri, hakuwa na wa kumtaja. Aliyebaki na kesi alikuwa kijana wa mtaa uleule, aliyejulikana kwa jina, au aliyevaa nguo isiyosahaulika, au mwenye ulemavu, au mwenye rangi ya ngozi iliyomtenga na umati.

Njia ya pili ya kukamatwa ilikuwa kuwa na kitu. Kitambaa, sahani, jozi ya soksi iliyotoka nyumba iliyobomolewa, ikikutwa kwako siku mbili baadaye, ilisema zaidi ya shahidi yeyote.

Kwa hiyo ukizisoma kesi hizi ukidhani walionyongwa ndio viongozi wa ghasia, utapotea. Walionyongwa ni waliotambulika.

Bosavern Penlez alikuwa nani, na kwa nini anatajwa sana?

Kwa sababu kesi yake inaonyesha yote hayo kwa mtu mmoja.

Mwanzoni mwa Julai 1749, mabaharia waliodai kuibiwa katika danguro moja la mtaa wa Strand, London, walirudi na wenzao, wakatoa samani nje na kuziwasha moto. Fujo zikaendelea kwa siku tatu. Kisha ikawa zamu ya nyumba iitwayo Star, mali ya Peter Wood. Penlez hakuwa baharia. Alikuwa kijana mtengeneza nywele za bandia, mwana wa kasisi, aliyekuwa amelewa usiku ule. Alikamatwa na furushi la vitambaa lililosemekana kutoka kwa Wood.

Mashahidi wakuu wa mashtaka walikuwa Wood mwenyewe, mkewe na mtumishi wao. Watu wa mtaa waliwajua watu hawa na biashara yao, na wengi waliona haramu kumwua kijana kwa neno la mwenye danguro. Penlez na mwenzake John Wilson walitiwa hatiani kwa Sheria ya Ghasia. Juri iliwaombea huruma, na mamia ya wakazi wakatia sahihi maombi kwa Mfalme. Wilson aliahirishiwa hukumu. Penlez alinyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu wa London, tarehe 18 Oktoba 1749, siku moja na watu wengine 14.

Siku hiyo ilihofiwa kwamba mabaharia wangejaribu kumwokoa. Sherifu Stephen Theodore Janssen aliwaondoa askari, akasimamia unyongaji bila bunduki, na aliahidi kwamba maiti hazingeachwa mikononi mwa madaktari wa upasuaji, waliozitaka ili kuzipasua na kujifunza. Penlez alizikwa kwenye kanisa la St Clement Danes, karibu na mtaa alikokamatwa. Henry Fielding, hakimu wa Bow Street aliyewapeleka washtakiwa gerezani, alilazimika kuchapisha kijitabu kuitetea hukumu. Nakisoma kijitabu hicho kama ushahidi wa jinsi hasira ya watu ilivyokuwa kubwa.

Ghasia za Gordon za 1780 zilikuwa kubwa kiasi gani mahakamani?

Kubwa kuliko zote za karne hiyo. Sheria ya 1778 ilikuwa imewapunguzia Wakatoliki baadhi ya vikwazo vya kale. Tarehe 2 Juni 1780 Lord George Gordon aliongoza makumi ya maelfu ya watu kwenda bungeni na ombi la kuifuta. Usiku ule kanisa la ubalozi wa Sardinia na lile la ubalozi wa Bavaria yalishambuliwa. Ndani ya wiki moja yalichomwa magereza, nyumba za mahakimu, nyumba na maduka ya Wakatoliki, na kiwanda cha pombe kali cha Thomas Langdale huko Holborn, ambako watu walikunywa pombe ghafi iliyotiririka barabarani na wengine wakafia motoni. Benki Kuu ilishambuliwa, ikaokolewa na askari.

Hesabu ya serikali ilikuwa watu 285 waliouawa. Takriban 450 walikamatwa, 160 hivi walifikishwa mahakamani, 62 walihukumiwa kifo, na takriban 25 walinyongwa. Kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, zilianza tarehe 28 Juni, wiki tatu tu baada ya moto kuzimwa, na kusini ya mto Thames ikaundwa mahakama maalumu mwezi Julai chini ya yuleyule Wedderburn, sasa akiwa jaji mkuu wa mojawapo ya mahakama za Westminster na mwenye cheo cha Lord Loughborough. Aliyetoa ushauri wa kupiga risasi mwezi Juni akawa juu ya kiti cha hukumu mwezi Julai. Hakukuwa na kosa la kisheria katika hilo, lakini mimi naona si haki.

Wengi hawakunyongewa Tyburn. Miti ya kunyongea ilisimamishwa mbele ya magofu, katika mitaa ya Bow Street, Holborn na Bloomsbury, ili mtu afe akiitazama nyumba aliyoibomoa na majirani wakimtazama yeye.

Ni kweli mnyongaji mwenyewe alishtakiwa?

Ni kweli. Edward Dennis, mnyongaji wa London, alikutwa akitupa vitu vya nyumba moja ya Holborn kwenye moto. Alijitetea kwamba kundi lilimlazimisha. Alihukumiwa kifo, akaahirishiwa, akarudi kazini kwake.

Je, kulikuwa na watu weusi miongoni mwa washtakiwa?

Walikuwapo, na majina yao yamo kwenye kumbukumbu. Benjamin Bowsey na John Glover walitiwa hatiani kwa shambulio la Newgate, yaani, kwa nyumba ya Akerman. Mashahidi waliwakumbuka kwa urahisi katikati ya maelfu ya watu, na sihitaji kueleza kwa nini. Wote wawili waliponea kitanzi kwa sharti la kutumika kama askari katika pwani ya Afrika.

Charlotte Gardiner hakuponea. Mwanamke huyu mweusi alinyongwa Tower Hill tarehe 11 Julai 1780, pamoja na Mary Roberts na askari wa zamani mwenye mkono mmoja aitwaye William McDonald, kwa kuibomoa nyumba ya baa ya John Lebarty. Mwanamke mweusi mmoja, askari wa mkono mmoja: rudi juu kwenye swali la jinsi watu walivyotambuliwa.

Kwa nini Lord George Gordon aliachiwa huru na wafuasi wake wakanyongwa?

Jibu la haraka ni cheo chake, lakini kuna sababu ya kisheria iliyo chungu zaidi. Gordon alishtakiwa kwa uhaini. Mshtakiwa wa uhaini, tangu sheria ya 1696, alikuwa na haki ya wakili anayezungumza na juri kwa niaba yake. Mshtakiwa wa kosa kubwa la kawaida hakuwa na haki hiyo mpaka 1836. Wakili wake, kama aliweza kumlipa, aliruhusiwa kuhoji mashahidi tu, na utetezi alitoa mwenyewe kwa maneno yake.

Basi kijana aliyeng'oa fremu ya dirisha alisimama peke yake, kesi ikaisha mara nyingi ndani ya nusu saa. Gordon, tarehe 5 Februari 1781, aliketi na Lloyd Kenyon na Thomas Erskine. Erskine alizungumza usiku wa manane, akaibomoa ile hoja ya "vita dhidi ya mfalme": kuongoza watu wenye ombi, alisema, si kupigana. Juri ikamwachia. Jaji aliyeongoza kesi hiyo alikuwa Lord Mansfield, ambaye nyumba yake ya Bloomsbury Square ilikuwa imechomwa pamoja na maktaba yake yote. Siku chache baada ya moto aliliambia Bunge la Mabwana kwamba maoni yake ya kisheria hakuyatoa vitabuni, kwa kuwa vitabu hana tena.

Aliyebomolewa alilipwa na nani?

Na majirani zake. Sheria ya Ghasia iliwapa waliobomolewa haki ya kuwadai wakazi wote wa tarafa ghasia zilipotokea, au wa mji wenyewe kama una hadhi hiyo. Fikra yake ni ya zamani sana: mlikuwapo, mngeweza kuzuia, hamkuzuia, lipeni. Fidia ilikusanywa kama kodi, nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1781 mahakama iliamua kwamba madai yanagusa pia samani zilizoharibiwa wakati wa kuibomoa nyumba, si kuta na paa tu. Uamuzi huo uliwasaidia wengi. Mansfield yeye alikataa kudai chochote.

Bima je?

Langdale, mwenye kiwanda cha Holborn, alikuwa na bima ya moto. Kampuni ilikataa kulipa, ikionyesha kwamba mkataba uliondoa moto unaotokana na machafuko ya kiraia. Mahakama ilikubaliana na kampuni. Bima iliyolipa, kwa upande mwingine, iliweza kuidai tarafa kwa jina la mteja wake. Hilo liliamuliwa katika kesi ya Mason dhidi ya Sainsbury mwaka 1782, na wanafunzi wa sheria ya bima wanaisoma mpaka leo.

Wafumaji wa hariri walioharibu vitambaa walishtakiwa kwa sheria hiyohiyo?

Hapana, kwao ilitungwa nyingine. Wafumaji wa Spitalfields, mashariki ya London, walipopunguziwa ujira walivunja milango usiku na kukata hariri iliyokuwa kwenye mitambo ya waliokubali malipo duni. Katika miaka ya 1760 bunge lilifanya kuvunja nyumba ili kukata hariri kuwa kosa la kifo. John Doyle na John Valline walinyongwa Desemba 1769 huko Bethnal Green, mbele ya baa ya Salmon and Ball, katikati ya watu wao. Umati uliung'oa mti wa kunyongea, ukaupeleka mpaka nyumbani kwa Lewis Chauvet, tajiri aliyewafuatilia, ukausimika mlangoni pake na kumvunjia madirisha na samani.

Je, zipo ghasia ambazo karibu hakuna aliyeadhibiwa?

Zipo. Birmingham, kuanzia tarehe 14 Julai 1791, kundi liliichoma nyumba ya mwanasayansi na mhubiri Joseph Priestley, maabara na maandishi yake, pamoja na nyumba za ibada na makazi ya wenzake. Kati ya watu 50 walioshtakiwa ni 17 tu waliofikishwa mbele ya juri. Wanne walitiwa hatiani: wawili wakanyongwa, mmoja akasamehewa, mmoja akapelekwa uhamishoni Botany Bay, Australia. Mahakimu wa mji walitia shaka kubwa kwa ulegevu wao. Fidia ilifika paundi 23,000 hivi, ikachelewa miaka, na Priestley alihamia Marekani mwaka 1794.

Boston, katika koloni la Uingereza la Massachusetts huko Amerika, tarehe 26 Agosti 1765, nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu gavana, iliachwa magofu na hakuna aliyetiwa hatiani. Bunge la Massachusetts lilikubali kumlipa, lakini kwa masharti: ndani ya sheria hiyohiyo ya fidia liliweka msamaha kwa waliobomoa. Pale jirani alipokataa kumtaja jirani, sheria kali ya kifo haikuwa na pa kushika.

Sheria hizi zina uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Zinao. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania, zilizoachwa na utawala wa Waingereza, bado zina tangazo la kuwaamuru wenye ghasia watawanyike, na bado zina kosa la watu waliokusanyika kwa ghasia "kubomoa au kuharibu, au kuanza kubomoa au kuharibu" jengo. Adhabu ya juu ni kifungo cha maisha badala ya kifo. Yale maneno "kuanza kubomoa" ni yaleyale ya 1714.

Fidia ya majirani haikusafiri hivyo. Huko Uingereza mzigo huo ulihamishiwa mfuko wa polisi mwaka 1886.

Nianzie wapi kusoma kesi zenyewe?

Kumbukumbu za Old Bailey za 1674 hadi 1913 zimewekwa kwenye intaneti na kusomwa ni bure. Ziko kwa Kiingereza cha wakati ule, lakini maswali na majibu ni mafupi. Tafuta kikao cha Juni 1780, uanze na Benjamin Bowsey. Soma majibu ya mashahidi kwanza, kabla ya hukumu, na kila mmoja umuulize alikuwa amesimama wapi, mwanga ulitoka wapi, na alimjua mshtakiwa tangu lini.